Kishikwambi Kikubwa cha Dereva

Mume wangu aliomba kitu kidogo, mimi nikamnunulia kikubwa. Nikisema hivyo watu hunisifu, wanadhani najivuna. Sijivuni. Naeleza kosa langu.

Alikuwa dereva wa malori. Miaka yote ya ndoa yetu alipeleka mizigo mpakani Rusumo, anapita Lusahunga, anapita Nyakahura alikozaliwa, kisha akipata nafasi anakuja kwetu Mugoma kulala siku mbili tatu, halafu huyo, ameondoka. Yeye Msubi, mimi Mhangaza, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Hata kugombana tuligombana kwa Kiswahili, na majirani walikuwa wanacheka, wanasema nyumba ile ugomvi wake kama mkutano wa hadhara. Aliniita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yangu, darasa la tatu. Mimi nilimwita Dereva.

"Shule ikifungwa, panda lori nikuoneshe barabara yangu," aliniambia kila mwaka. Nami kila mwaka nilimjibu kwamba lori si mahali pa mwalimu. Nilikuwa na maharage ya kupura, mitihani ya kusahihisha, jumuiya ya kwenda kusali. Sikupanda hata siku moja.

Kiharusi kilimkuta nyumbani, anakunywa chai. Mkono na mguu wa kulia vikalala, mdomo ukaenda upande. Tulikaa hospitali wiki kadhaa, tukarudi na mgonjwa ambaye maneno yake yalikuwa machache, na kila neno alilitoa kwa jasho. Nikamtandikia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, nikidhani namtendea wema aone nje. Nje yenyewe ilikuwa migomba, choo cha jirani na njia ya miguu inayoshuka bondeni. Mtu aliyezoea kuona nchi nzima ikimjia kwenye kioo, nimempa choo cha jirani.

Siku moja alikuja kumtembelea dereva mwenzake. Wakati wa kuaga alimwonesha kwenye simu video zilizoko mtandaoni, madereva wanafunga simu kwenye kioo cha mbele na kurekodi safari, hakuna maneno, lami tu inakuja. Ile aliyomwonesha ilikuwa ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo. Mume wangu aliitazama mpaka machozi yakamtoka, na mwenzake akaona haya, akatoka nje kujifanya anaongea na simu.

Jioni ile aliniambia anataka tableti.

"Kishikwambi," nikamsahihisha. Ualimu hauna likizo.

"Tableti," akarudia. Akapumzika kidogo, akaendelea: "Barabara. Nikuoneshe."

Kwa hiyo nilijua anachotaka. Sitaki mtu aseme sikujua. Alitaka kuiona barabara yake tena, na alitaka mimi niwe pembeni yake wakati anaiona. Simu yake ilikuwa ya vitufe tu; yangu nilikuwa naondoka nayo asubuhi, na kioo chake kilikuwa kimepasuka. Vishikwambi vya shule ni vya kazi, na mimi si mtu wa kuchukua mali ya serikali. Kuwa na chetu, cha kujiburudisha tu, hatukuwahi hata kukiwaza.

Nikamuuliza anataka cha namna gani. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaukunjua kama ameshika daftari dogo. "Kidogo kinatosha," akasema.

Sasa hapa naomba mnielewe. Kwetu ukimpakulia mtu chakula akasema kidogo kinatosha, hupunguzi. Unaongeza. Mtu mwenye adabu hawezi kukwambia nijazie, na wewe mwenye nyumba ukimpa kidogo kwa sababu ametamka kidogo, atakula, atashukuru, na Jumapili habari zako zitatangulia kanisani. Baba yangu mzazi alikuwa anasema kidogo kinatosha huku sahani ameinyosha mbele, na mama anajaza bila kumtazama. Mume wangu alikuwa na adabu hiyo kuliko wote. Tangu augue ndiyo kabisa: chai kidogo, mto mmoja unatosha, usijisumbue Mwalimu. Kila mara nilimwongezea, na kila mara alifurahi. Alipounyosha ule mkono nikaiona adabu yake. Mkono wenyewe sikuuona.

Jumamosi nikaenda Ngara mjini. Dukani nilimkuta binti mmoja anatafuna bigijii, akanisalimia shikamoo vizuri, akaniuliza kishikwambi ni cha nani.

"Cha mume wangu. Mgonjwa. Atazame video, aperuzi mtandaoni."

Akaweka viwili mezani. Kimoja kilitosha kiganjani. Kingine kilikuwa kama sinia la chai. Akaniambia vyote vinaingia laini, vyote vinakaa na chaji, ila kikubwa kina sauti ya kujaza chumba.

"Mgonjwa anakaa au analala, mama?"

"Analala."

"Basi mchukulie hiki kidogo. Hebu shika kikubwa kwa mkono mmoja, ukiinue juu ya uso kama umelala, uone."

"Kwani mgonjwa ni mimi?" nikamjibu. Watu wawili waliokuwa wananunua vocha wakacheka, nami nikafurahi kwamba nimewachekesha. Binti akaanza kukifunga kikubwa.

Nilikuwa nawaza wageni pia. Nyumba yenye mgonjwa kwetu mlango wake haufungwi. Huyu analeta mkungu wa ndizi, yule analeta maziwa, wanakaa, na wakikosa cha kutazama wanamtazama mgonjwa. Nilikuwa nimeona namna alivyougeuzia ukuta ule mdomo wake uliopinda. Nikasema kitu kikubwa kitawapa macho yao kazi, apumue. Hiyo ni sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni kwamba nilitaka wakitoka pale waseme mwalimu anamtunza mumewe. Na walisema.

Nilipokifungua mbele yake alikitazama kwa muda.

"Kikubwa," akasema.

"Ndiyo, Dereva. Wewe umezoea vikubwa."

Akacheka, akanyanyua dole gumba. Utani huo niliurudia shuleni, nikaurudia kwenye jumuiya, kila mahali wakacheka.

Siku ya kwanza nilikiweka mkononi mwake. Mkono ukatetemeka, kikamdondokea usoni, kikampasua mdomo palepale ulipopinda. Nilimfuta damu huku namgombeza, eti kwa nini hakuniita. Kuanzia hapo nikawa nakisimamisha kwa kava lake juu ya stuli, mbali na mkono wake, kwa usalama wake nilisema. Kilipokuwa kwenye stuli alikuwa hawezi kukigusa. Ni lazima mtu mwingine amchagulie cha kutazama.

Na wa kuchagua walikuwepo. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, mcheshi, mwenye moyo safi, alikuwa anakuja kumwangalia nikiwa shuleni, na nikirudi hakuwa na haraka ya kuondoka. Aligundua muvi zilizotafsiriwa. Basi tena. Akawa anakuja na wenzake, wanakaa kwenye viti vyangu na kapu la maharage ya kuchambua, wanagombana na watu wa kwenye muvi. "Mwambieni huyo bwana mkewe yuko nyuma ya mlango!" Sebule ilichangamka, na mimi nilipenda. Kwa vile viti vilikuwa upande wa pili, nilikigeuza kishikwambi kidogo kuelekea kwenye viti. Nilikigeuza kwa mkono wangu mwenyewe. Kitandani pale alibaki anakiona kwa ubavu, na migongo ya watu.

Siku moja, katikati ya muvi, alisema: "Barabara."

"Ngoja bibi amalize yake, Dereva."

"Barabara ina nini, mwanangu?" bibi akamtania. "Si lami tu? Umeiona miaka yote, bado haijakutosha?"

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Nami nikahesabu kwamba ameridhika.

Wageni wakiondoka kuna kupika, kuna kumlisha, kumwogesha, kumgeuza. Mara bando limeisha, mara chaji. "Kesho, Dereva," nilimwambia. Mimi ninayewachapa watoto wa watu kwa kutofanya kazi kwa wakati, nilisema kesho mpaka neno lenyewe likachakaa.

Mara moja tu tuliitazama pamoja. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mvua imezuia watu. Nilikaa kitandani, nikakishika mbele yake kwa mikono miwili, akaigusa video yake kwa kidole, lori likatoka Lusahunga. Nilikuwa nimepita njia hiyo kwa basi, tena nimelala. Yeye alikuwa anaijua kama mtu anavyojua nyumba yake. "Kona," alisema, na kona ikaja. "Punguza," alisema, na dereva wa kwenye video akapunguza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja langu, unabadilisha gia. Sijawahi kuwa naye karibu namna ile, na nilikuwa nimeolewa naye miaka ishirini na zaidi.

"Sasa Nyakahura," akasema. "Nikuoneshe..."

Mvua ilikuwa imekatika. "Hodi wenyewe," sauti ya bibi ikaita mlangoni.

Nilisimamisha video. Ningeweza kusema bibi, samahani, leo tupumzike. Hakuna sheria iliyonikataza. Lakini sikuwahi kumwambia mgeni hivyo maishani mwangu, na midomo haikujua pa kuanzia. Nikasema karibu. Hatukurudi tena kwenye ile video.

Alifariki katikati ya wiki, asubuhi, mimi nikiwa nafundisha. Bibi alikuwa naye, amemshika mkono. Nilipofika, kishikwambi kilikuwa godoroni upande wake wa kushoto, kimelala chali. Nilikitoa, nikakitupa kabatini bila kukitazama.

Tulimzika kwao Nyakahura. Yule dereva mwenzake alileta lori, akanipa kiti cha mbele, na marehemu akapanda nyuma na ndugu zake. Hivyo ndivyo nilivyopanda lori. Ni juu sana, unaona mbali, unaona hata yaliyo nyuma ya vichaka. Tulipofika sokoni Nyakahura, wauzaji waliozoea kukimbilia malori na ndizi na mahindi waliona msalaba wakasimama. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, natafuta kile alichotaka kunionesha. Nikamuuliza mwenzake. Akaniambia, mama, hapa kuna vitu vingi, sijui alikuwa anasema kipi.

Baada ya kuanua matanga, bibi alikuja kunisabahi. Alikaa kwenye kiti chake kilekile, akatazama stuli tupu. Alipoondoka nikafungua kabati. Nilitaka kitu cha kunipotezea muda, sikutaka kulia tena siku ile. Nikakitia chaji, nikanunua bando, nikagusa pale pa kuandika unachotafuta. Kabla sijaandika, yakashuka maneno yaliyowahi kuandikwa. Mimi sikuwa nimeandika chochote humo. Bibi hajui kusoma, yeye na wenzake walikuwa wanagusa picha tu. Alikuwa ni yeye, asubuhi nikiwa shuleni, bibi amemlazia kishikwambi godoroni, anabonyeza kwa kidole kimoja cha kushoto.

Ya chini kabisa, iliyotangulia zote, ilikuwa: barabara lusahunga rusumo.

Zilizofuata juu yake zote zilikuwa swali moja. Jinsi ya kushika tableti na mkono mmoja. Jinsi ya kushika tableti nzito umelala. Jinsi ya kushika table. Jinsi ya kush. Nadhani huko mwishoni mkono ulikuwa umechoka.

Aliuliza mtandao. Hakuniuliza mimi, niliyekuwa nalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, mimi niliyekwisha kulijibu swali hilo dukani kwa utani, nikachekesha watu. Na kila nilipomuuliza kama kimependeza, alininyanyulia dole gumba, mkono huohuo.

Nililia, halafu nikakasirika, nikamgombeza peke yangu sebuleni. Nilimwambia Dereva, una mdomo, hata ukipinda, ungesema Mwalimu umekosea. Nilisema kwa sauti. Hapakuwa na mtu.

Nikapanda kitandani kwake. Nikalala chali alivyokuwa analala, uso kwenye dirisha lenye choo cha jirani. Nikaitafuta ile video, nikaikuta imesimama pale tulipoiacha. Mkono wa kulia nikaulalia, nikakiinua juu ya uso kwa kushoto, kama yule binti wa dukani alivyoniambia. Nikabonyeza kwa dole gumba, lori likaondoka. Mkono wangu ni mzima, umechimba mihogo, umebeba maji tangu utoto. Ulianza kutetemeka kwenye kona ya kwanza, na ulianguka kabla sijafika Nyakahura.