Mushono mubaya ya Philomène

Soda ya mulango ya gereza, askari Joachim, alipanua kitambala ya kufunika chakula, akaangalia maandishi nyekundu, akacheka.

"ASANTE MUNGU KWA MEZA YETU. Ah, Mama Élise, hii ni muzuri! Bibi yangu atafurahi."

Akaikunja, akaitia mu mufuko. Beseni ya bukari na sombe ikaingia ku buloko kichwa wazi, na Philomène, mama ya Élise, akabakia inje. Chakula haikukuwa kintu. Kitambala njo ilikuwa kintu.

Bwana yake, Zéphirin, fundi ya nguo ambaye Likasi muzima ilikuwa inamujua, alikuwa mule ndani juu ya mudogo yake Germain. Germain alicheka parti ya serikali ku bar, mbele ya jirani yao Hilaire, na kinywa ya Hilaire ilikuwa kama ndoo ya kutoboka. Alikimbia kusema. Mungu akitaka kumusamehe, ni shauri ya Mungu. Batu ya avenue yetu habakumusamehe. Zéphirin akamuficha mudogo yake kwa bavuvi ku ziwa ya Tshangalele. Basoda balikosa mudogo, bakakamata mukubwa. Kila siku banamuuliza: "Germain iko wapi?" Kila siku anafunga kinywa, na bo banamuvunja mbavu.

Sasa, asubui moja ku soko, Delphine, muuzaji ya samaki ya ku Tshangalele, aliinama juu ya kitunga yake, akasema polepole:

"Ule mutoto alivuka. Iko Zambia. Anakula muzuri kupita weye."

Philomène alitaka kuruka, akajishika. Germain alipona! Kumbe Zéphirin iko anakufa juu ya nyumba ya bavuvi yenye iko bule! Kama anajua, atasema, bataenda kule, batakuta majivu ya baridi tu, na habatakuwa tena na kintu ya kumuuliza. Lakini nani atamuambia? Kumuona balikataza. Chakula tu njo ilikuwa inapita.

Masomo ya Philomène ilikuwa kidogo: masista, kisha foyer ya kampuni, kwenye balifundisha banamuke kushona maneno ku bitambala ya meza. Sindano njo ilikuwa kalamu yake. Akashona ile sala. Mbele, sala tu, hata padri angeibariki. Lakini nyuma, ku herufi ine, alifunga bifundo ya uzi, kubwa kama mbegu ya nyanya: S na E ya ASANTE, M ya MUNGU, A ya KWA. Mutu akifwata bifundo, anasoma: SEMA. Soda anaangalia mbele. Fundi anageuza, Zéphirin hakununua kitambaa hata moja pasipo kugeuza.

Na ona, mujinga huyu! Aliishona muzuri sana. Kiburi ya mikono. Na sasa sala yake iko ku meza ya Joachim. Kama bibi yake anageuza? Philomène hakulala. Lakini ule bibi, hata kifungo ya shati alikuwa anapelekea jirani amutilie. Hakugeuza kintu.

Philomène akakamata sindano tena. Mara hii alishona vibaya kwa makusudi, na mikono yake inakataa, inataka kunyoosha. Herufi ikatoka imelewa, moja inapanda, ingine inalala. Nyuma tu, bifundo ilikaa fasi yake.

"Mama Élise!" Joachim alishangaa. "Kuku njo ilishona hii?"

"Ni macho, chef. Ninalia sana."

"Pitisha, pitisha. Hii hata mbuzi haitakula."

Akapitisha! Philomène akajibandika ku ukuta, akasikiliza. Kisha makelele mule ndani, sauti ya Zéphirin kabisa. Joachim akarudia anacheka, akamupa beseni na kitambala.

"Bwana yako anakutukana, mama. Anasema ile mushono inapatisha kazi yake haya. Anaigeuza-geuza sawa mutu anatafuta chawa."

Philomène akafunika uso, mabega inaruka.

"Usilie, mama," Joachim akasema.

Kulia nini! Ku kona ya barabara aligeuza kitambala: bifundo yote ine haiko tena, Zéphirin aliikata na meno. Na pale pale jeep ya basoda ikapita mbio, ikakamata njia ya Tshangalele.

Ilirudia na wavu moja ya kupasuka. Chef yao akapiga meza, akatukana bavuvi, akatukana ziwa. Lakini Zéphirin alisha kusema, na nyumba ilikuwa kweli kwenye alionyesha. Habakukuwa tena na kintu ya kumuuliza. Bakamusukuma inje.

Alitoka anavuta muguu, mukono ku mbavu. Hakusalimia bibi yake kwanza.

"Nilizania balikuroga. Mushono gani ile?"

"Ungegeuza ya muzuri?"

"Nilikasirika, njo nikageuza nione uliharibu namna gani. Kisha nikasoma, nikaogopa. Nikajiuliza: Philomène anaweza kuuza damu yangu? Nikasema hapana, mutoto alipita." Akasimama. "Alipita?"

"Iko Kitwe, kule Zambia. Delphine anasema ananenepa."

Zéphirin akacheka katikati ya barabara, anashika mbavu, machozi inashuka.

"Cheka polepole, Baba Élise, banatuangalia!"

"Baangalie," akasema, akacheka tena.