Sikujua na Mashine ya Randa ya Kabondo

Mtaani Kabondo, Sikujua alijulikana kama mke wa Abdulhamid seremala. Hakuna aliyemwita fundi, ingawa mikono yake ilinuka grisi kuliko vitunguu.

Mwaka wa uhuru, Mbelgiji mmoja aliyekuwa na karakana mjini alirudi kwao, akamwachia Abdulhamid, msimamizi wake, mashine kubwa ya randa ya umeme. Wanaume kumi na wawili waliisukuma juu ya magogo mpaka nyumbani kwa Abdulhamid, alikotaka kufungua karakana yake. Mlangoni ikakwama. Ilizidi upana wa mlango kwa shibiri nzima, na ukuta usingevunjwa kwa sababu ndio uliobeba paa. Wanaume wakaenda zao. Mume na mke wakabaki na spana mbili, wakaifungua kipande kwa kipande: mota, mkanda, mhimili wa visu, meza mbili za chuma. Chini ya meza zile kulikuwa na vibati vyembamba, vya unene tofauti, vilivyoifanya meza ikae sawa. Abdulhamid hakuvijali. Sikujua alivikariri vyote, kipi kilikaa kona ipi. Siku mashine iliposimama ndani na ubao wa kwanza ukatoka laini, Abdulhamid aliwaambia majirani kwamba bila mke wake ingekuwa chuma kitupu.

Agosti 1964 waasi wakaingia mjini, na waliowahi kufanya kazi na Wazungu wakaanza kutafutwa. Abdulhamid akavuka mto kushika njia ya Opala.

"Ubakie na mashine," alimwambia mkewe. "Nikirudia na ingali iko, tutaanza tena."

Wiki ya pili ikasikika kwamba mkubwa mmoja wa waasi anazitaka mashine zote za mbao. Sikujua akajifungia karakanani, akaifungua mashine peke yake kwa siku tatu. Meza alizivuta kwa kamba juu ya vipande vya bomba, akazifukia chini ya sakafu ya jiko, akaweka juu yake kinu cha kutwangia pondu, yale majani ya muhogo. Mhimili akaulaza ndani ya gunia la mpunga. Mwili wa mashine ulimshinda uzito, akauacha palepale chini ya rundo la maranda. Waasi walipokuja aliwaambia Mzungu aliondoka nayo. Wakampiga nyayo kwa fimbo, wakauliza tena, akarudia maneno yaleyale. Tangu siku hiyo akawa anachechemea.

Abdulhamid alirudi Februari, jeshi likiwa limeshautwaa mji. Alikuja na mke wa pili, Fatouma, pamoja na kaka yake Fatouma aliyeitwa Waziri. Sikujua alimeza hilo. Aliwapikia, akamwonyesha mumewe sakafu ya jiko. Mume alilia aliposikia habari ya zile nyayo.

Ijumaa wageni walikuja kumpa pole Abdulhamid. Sikujua akiwa anaingia na sinia ya chai, alimsikia mumewe akieleza jinsi alivyomtuma Waziri kwa siri kutoka Opala kuja kuificha mashine, ndiyo maana sasa atelié, yaani karakana, ni yake yeye na Waziri. Waziri aliutazama mkeka. Abdulhamid alimwona Sikujua mlangoni, na akaendelea kusema.

Wageni walipoondoka, Sikujua alimuuliza mumewe sababu.

"Kule Opala ba Waziri balinificha miezi tano," Abdulhamid alisema, akimaanisha Waziri na jamaa zake. "Nilikuwa na nini ya kubapa?"

"Ukabapa kazi yangu."

"Bon, ile ni maneno tu, mama. Sisi wawili tunajua ukweli."

"Basi uite bale wageni, na bao bajue."

Hakuwaita. Sikujua alisubiri siku nne. Siku ya tano alifunga nguo zake, akahamia kwa dada yake Kadidja, mtaa wa Tshopo. Kadidja alidhani ni mambo ya mke mwenza. Sikujua alimwambia kwamba Fatouma hakumkosea kitu. Ndiye pekee nyumbani mle aliyemchemshia maji ya kukandia miguu.

Abdulhamid na Waziri wakaiunga mashine wenyewe. Mbao zikatoka na mawimbi. Wiki tatu baadaye Abdulhamid alikuja kwa Kadidja, akakaa uani muda mrefu akiulizia afya za watu. Mwishowe akamwomba Sikujua aje siku moja tu, awaonyeshe mpangilio wa vibati.

"Uliza Waziri," Sikujua alisema. "Si ni yeye aliificha?"

Abdulhamid alimaliza maji aliyopewa, akaaga.

Mashine iliendelea kufanya kazi hivyohivyo, mbao zake zikifaa kwa fremu za milango, kwa meza hapana. Sikujua aliishi kwa kushona magodoro pamoja na dada yake. Kila alipopita Kabondo na kuusikia ule mlio, alijua bila kuangalia ni kona ipi iliyokaa vibaya, na hasira ilimpanda upya, maana kuitengeneza ingekuwa kazi ya nusu saa.