Kiti cha Inchi Ishirini

Fundi makochi tunayemsema hapa alijulikana mtaa mzima kwa jina la Sponji, na alikuwa na tabia moja ya kuudhi: hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kubonyeza viti. Iwe msiba, iwe sherehe, kwanza mkono wake uzame chini ya mto wa kochi, abonyeze, asikilize springi, kisha atikise kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mkewe alikwisha kumfinya mara nyingi mbele za watu, lakini hakukoma.

Kazi yake, hata hivyo, aliijua. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba, chenye harufu ya gundi na mbao mpya, na humo kochi halikuuzwa kwa mtu aliyesimama. Ukija kuchukua mali yako, Sponji alikwambia ukae, uinuke, ukae, uinuke, mara tatu, bila kushika popote. Wengine walicheka, wengine walinuna, na mteja mmoja mwenye mwili wake alimwambia hakuja pale kufanya mazoezi. Yeye hakubadilika. "Kukaa hata gunia linakaa," alikuwa akisema. "Mimi nauza kuinuka."

Kiti alichojivunia kuliko vyote hakikuwa cha kuuza. Kilikuwa cha mama yake, sebuleni, karibu na dirisha. Mama alikuwa mrefu, na nyonga yake ya kulia haikupona sawasawa tangu alipoanguka bafuni. Sponji alimpima goti, akampima paja, akatengeneza kiti, akakivunja, akatengeneza kingine, mpaka akapata kimo chenyewe: inchi ishirini kutoka sakafuni hadi juu ya mto, sponji ngumu, mikono ya mbao. Kwenye kiti hicho Mama aliinuka mwenyewe, akaenda jikoni mwenyewe, na akiwakaripia wajukuu aliwakaripia akiwa wima. Kwenye kiti kingine chochote alihitaji watu wawili.

Na watu wawili ndio waliomkatisha tamaa ya safari. Miaka miwili nyuma, kwenye harusi moja ya majirani, wanaume wawili walimtoa garini kwa kumbeba. Nia yao ilikuwa njema. Kiatu kimoja kilidondoka, gauni likapanda juu ya magoti, na mpiga picha, Mungu amsamehe, alikuwa kazini. Mama hakulia wala hakugomba. Aliporudi nyumbani alisema, "Sibebwi tena," na tangu siku hiyo hakupanda gari. Kliniki ilikuwa karibu, alikwenda kwa mkongojo wake. Kwingine kote alikwenda kwa simu.

Simu hiyo ndiyo iliyozua mambo. Mdogo wake Mama, wa mwisho aliyebaki kati ya ndugu saba, aliishi mwendo wa saa sita kutoka hapo, na macho yake yalikuwa yakipotea. Daktari alikwisha kumwambia wazi kwamba mwaka hautaisha akiwa anaona. Jumapili moja alisema, "Dada, njoo nikuone. Sauti yako nitakuwa nayo siku zote, sura ndiyo inaniponyoka." Mama alijibu kwamba nyonga inamsumbua, wataangalia. Kisha akakaa na simu mapajani mpaka chai yake ikapoa. Sponji alikuwa amesimama mlangoni, akaona yote, na moyo ukamuuma kweli. Palepale alikata shauri: fedha aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya kupanua karakana itanunua gari la familia, na Mama ataingia humo kwa miguu yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipoangukia mikononi mwa dalali mmoja wa magari, aliyeitwa Mteremko kwa sababu kila gari lake, kwa maelezo yake, lilikuwa limeteremshwa bei jana yake. Mteremko alimtazama Sponji mara moja, akamwongoza moja kwa moja mpaka mwisho wa yadi.

Lilikuwa gari jeusi la kifahari, kubwa, limekwenda juu, lililotoka mikononi mwa tajiri fulani baada ya kutumika miaka kumi. Lilikuwa na paa la kioo na milango iliyojifunga taratibu, bila kelele. Lakini Sponji hakuwa na habari na paa. Yeye aliona viti. Ngozi ya kahawia, mshono wa mara mbili, sponji ambayo miaka kumi ya kukaliwa haikuilegeza. Alipitisha kidole kwenye mshono, akameza mate. "Aliyeshona hapa," alisema, "nikikutana naye nitampa shikamoo, hata kama ni mdogo wangu." Injini hakuiuliza. Mteremko alikuwa na maelezo ya injini tayari, akabaki nayo mdomoni.

Kesho yake alirudi na familia. Mabinti zake, mapacha wa miaka tisa, waligawana viti vya nyuma kabla gari halijanunuliwa, wakagundua kwamba ukibonyeza mahali fulani kiti kinakupasha joto, na kuanzia hapo hawakusikia la mtu. Mkewe alikuwa karani wa mahakama, na miaka kumi na mitano ya kusikiliza watu wakila kiapo ilikuwa imemwachia namna yake ya kuuliza.

"Mwenye nalo ameliuza kwa nini?"

"Amesafiri, mama."

"Na hii taa ya njano mbele ya usukani?"

"Hiyo ni ya kukumbusha tu."

"Inakumbusha nini?"

Mteremko alicheka, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Mke hakuishia hapo. Alimwita binamu yake, makanika, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi, naye akalala chini ya gari, akakaa huko kwa muda mpaka wakadhani amesinzia. Alipotoka alijifuta mikono na kusema, "Injini si mbaya. Ila magari haya, shemeji, kununua si kazi, kazi ni kuishi nalo. Likikohoa tu, kipuri chake hapa hukipati, unaagiza, unasubiri. Na huku chini lilikuwa na mabaluni ya hewa. Zamani ukifungua mlango lilijishusha lenyewe mtu aingie. Yalipochoka, mwenyewe akayang'oa akaweka springi za chuma. Sasa halishuki, limebaki hukohuko juu."

Katika maneno yote hayo Sponji alisikia moja tu.

"Springi ndiyo yenyewe," alisema kwa furaha. "Hewa inatoroka, springi haitoroki."

Mkewe aliacha kuuliza. Alimjua. Mtu huyu aliyewahi kukataa kula kwenye hoteli moja kwa sababu ya viti vyake sasa alikuwa amependa, na aliyependa hashauriki.

Sponji alitoa futi kamba mfukoni, akapima kiti cha mbele. Inchi kumi na tano kutoka sakafu ya gari. Zilipungua tano. Basi akachangamka kabisa, maana hilo lilikuwa tatizo la fani yake. Akamwomba Mteremko alilete gari nyumbani Jumamosi asubuhi, ili Mama alijaribu kabla ya lolote, na siku tatu zilizobaki akazitumia kushona mto. Inchi tano za sponji ngumu, ngozi ya kahawia, mshono wa mara mbili, uzi wa rangi ileile. Ulikuwa mto wa kupigiwa mfano. Msomaji huenda ameshaliona kosa. Sponji hakuliona. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipima viti kutoka sakafuni, na sakafu zote alizozijua zilikuwa chini.

Jumamosi ikafika. Gari jeusi lilisimama mbele ya geti, linang'aa, na majirani wawili watatu wakakumbuka kwamba walikuwa na kazi ya kufagia nje. Makanika naye alikuja, kwa sababu mke alimpigia simu aje na vyombo vyake aiangalie ile taa ya njano. Aliegesha gari lake nyuma kidogo, gari la kijivu, la chini, lenye nyuma ndefu iliyojaa spana na makopo ya oili, akaacha mlango wa mbele wazi akitafuta bisibisi.

Mama alitoka akiwa amevaa gauni lake la bluu, na mkoba mkononi. Sponji aliutazama ule mkoba. Tangu ile harusi Mama hakuwa ameushika. Sasa amebeba mkoba kwenda kujaribu kiti tu, maana yake alikuwa ameanza kuamini.

Sponji alifungua mlango wa mbele, akauweka mto wake, akaupapasa, akarudi nyuma hatua moja. "Karibu, Mama."

Mama alifika mlangoni, akasimama. Kiti kilikuwa usawa wa mbavu zake. Akakitazama, akatazama chini palipokuwa na mguu wake, akakitazama tena. Aliinua mguu wa kushoto kidogo, ukaishia nusu ya njia.

Sponji aliona mahesabu yake yote yakimomonyoka. Alikuwa amempandisha mama yake inchi tano zaidi, kwa mikono yake mwenyewe, kwa mshono wa mara mbili.

"Hilo si jambo," Mteremko aliingilia, akikunja mikono ya shati. "Mimi nashika huku, bosi anashika kule, mara moja tu, mama yangu uko ndani."

Uso wa Mama ulibadilika. "Hapana, baba," alimwambia mwanawe kwa upole. "Mrudishie mwenyewe gari lake." Kisha akageuka na mkongojo wake, na majirani wakainamia mifagio.

Aibu ilimpanda Sponji mpaka masikioni, na mtu mwenye aibu huongea sana. Aliutoa mto, akasema atatengeneza ngazi. Ngazi ya mbao yenye vipandio viwili, aivalishe zulia. Mteremko akasema hayo ndiyo mawazo ya kitaalamu. Mke hakuvumilia tena. "Mkifika kituo cha mafuta, hiyo ngazi nani anaishusha? Akitaka kujisaidia njiani, je? Atakuwa anapandishwa na kuteremshwa hadharani kama mgeni wa heshima?" Sponji akajibu kwamba viti vile havipatikani popote. Mke akamwuliza kama wananunua kochi au wananunua gari. Wakabishana hivyo, mapacha wakiwa katikati wakitetea kiti kinachopasha joto, na Mteremko akiafiki kila upande.

Ni makanika aliyegundua kwanza. Alirudi garini kwake kurudisha bisibisi, akasimama, kisha akasema, "Shemeji."

Mama alikuwa amekaa ndani ya gari la kijivu. Hakufanya hivyo kwa kumwonyesha mtu. Miguu ilikuwa imechoka kusimama, nyumba ilikuwa mbali kuliko lile gari, na mlango ulikuwa wazi, basi akageuza mgongo, akajishusha kwenye kiti kama anavyojishusha sebuleni, akaingiza mguu mmoja, akaingiza na wa pili. Mkoba ulikuwa mapajani. Alikuwa anatazama mbele kupitia kioo chenye vumbi, na hakuwa ameshikwa na mtu.

Sponji alisogea taratibu, kama vile gari lingeshtuka. "Mama, umeingiaje?"

"Nimekaa tu," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa na mshangao mkubwa kuliko ya mwanawe. "Nimekaa, baba."

Akatoa miguu nje mmoja baada ya mwingine, akaegemea mkongojo, akainuka. Hakuna aliyemwomba. Akakaa tena, na safari hii akavuta mkanda akajifunga. Sponji alipiga magoti kwenye udongo na futi kamba yake, akapima kutoka chini, chini kweli, pale magurudumu yalipokanyaga. Inchi ishirini na robo. Alibaki amepiga magoti hapo, akijifanya anasoma namba, mpaka macho yake yalipokauka.

"Hili siuzi," makanika alisema mapema.

"La aina hiyo hata mimi ninalo yadini," Mteremko alisema bila haya yoyote. "Sikulitaja kwa sababu hamkuonekana watu wa gari la hivyo."

Tusidanganyane, iliuma. Gari jeusi lilipogeuka kurudi yadini, Sponji alilisindikiza kwa macho mpaka kona, na mkewe, aliyekuwa ameshinda kesi, hakujigamba. Alimshika mkono tu. Wiki ile walinunua la chini, lenye nyuma ndefu, rangi ya maziwa yaliyochacha, makanika akalikagua mpaka akaridhika. Viti vyake vilikuwa balaa, Sponji akavifumua vyote akavishona upya, lakini kimo cha kiti cha mbele hakukigusa.

Waliondoka alfajiri ya Jumamosi iliyofuata. Mama alikaa mbele saa zote sita, akisoma vibao vya barabarani kwa sauti, akimwonya mwanawe kuhusu magari ambayo yalikuwa bado mbali. Walisimama mara tatu, na mara zote tatu alishuka na kupanda peke yake. Mara ya tatu mapacha hawakugeuza hata shingo kumtazama, wakaendelea kugombania dirisha.

Mdogo wake alikuwa amesimama uani kwake tangu asubuhi. Alisikia injini, akasogea akifuata ukuta kwa mkono. Sponji alitaka kukimbia akafungue mlango, mkewe akamvuta shati. Mama akafungua mwenyewe, akatoa miguu, akainuka, akatembea zile hatua saba au nane zilizobaki.

Mdogo wake alimshika uso kwa viganja viwili, akauvuta karibu, karibu zaidi, mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Akautazama hivyo kwa muda mrefu, sehemu kwa sehemu.

"Dada," alisema mwishowe, "umezeeka."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia asiache kutazama.