Darubini, Kunguru na Kuku wa Fungate

Sauti ya kwanza niliyokuwa nikiisikia asubuhi, kabla hata ya mchi wa jirani kutua kwenye kinu, ilikuwa kucha za kunguru juu ya bati. Krr, krr, krr, kutoka upande wa jikoni mpaka upande wa ua, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Halafu kimya. Halafu ukelele wa tetea wetu mwekundu, ukelele ambao asiyefuga kuku hawezi kuujua, na Mama anatoka mbio na upawa mkononi, "Mwizi! Mwizi wee!" Tukifika nje tunakuta manyoya mawili ya kifaranga yanapeperuka, na kunguru keshatua juu ya mnazi, anatutazama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, na niliwachukia kunguru wale chuki ambayo sijapata kumchukia binadamu yeyote, na binadamu wa kuchukiwa nimekutana nao.

Tulikaa kusini ya Unguja, si mbali na Makunduchi, na mwaka ule dada yangu Rukia alikuwa ameposwa na kijana wa Mpendae, mjini. Siku ya kuleta posa, mama wa kijana, mwanamke mzuri wa maneno ya taratibu, aliutazama ua wetu mwanzo mpaka mwisho, akatabasamu, akauliza, "Na hapa shamba kuku wa fungate mtawapata, au tuwaletee wa friji kutoka Darajani?" Mtume! Kwetu sisi bwana harusi hukaa ukweni siku saba za mwanzo, analishwa na kuengwaengwa, na kuku ndiye mkuu wa sinia. Kumuuliza mama wa bibi harusi kama kuku atapatikana ni kama kumuuliza kama ana jiko. Mama alimmiminia mgeni chai mpaka kikombe kikafurika kwenye kisahani. Wageni walipoondoka ndipo alipoapa kwamba mkwe wake atakula kuku wa ua huu siku zote saba, na kuku wa friji hatovuka kizingiti chake maadamu yeye mwenyewe yu hai. Harusi ilikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, na vifaranga walikuwa wametotolewa mara tu mfungo ulipokwisha. Wakati wa kukua walikuwa nao, lakini ilihitajika wabaki wa kukua. Kila asubuhi alipungua mmoja.

Baba akasema usijali, dawa ipo. Dawa ilikuwa bunduki ya upepo ya ami yangu Makame, aliyekuwa akifukuza kunguru kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Ami alikuwa ameondoka kwenda Pemba kwa shughuli zake, bunduki akamwachia Baba, kaka yake, na sheha wa kijiji akaridhia kwa sharti kwamba asielekeze mtutu kwenye nyumba ya mtu. Ilikuwa bunduki nzuri, ya kitako cha mbao, na juu yake imefungwa darubini nyeusi iliyoshikwa na pete mbili za chuma. Ukichungulia unaona mistari miwili iliyopandana, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, na kunguru aliye juu ya mnazi anakuwa kama umemweka kiganjani. Ami aliwahi kumpiga kunguru kwa bunduki ile mbele ya macho yetu. Kwa hiyo tuliitazama kama askari aliyeletwa kutoka makao makuu.

Baba akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Siku ya tatu kunguru walikuwa hawaruki hata kuruka, wanageuza shingo tu kuangalia risasi ilikopita. Ule msemo wa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake wao hawakuwahi kuusikia, au waliusikia wakaudharau. Jirani yetu Bwana Haji, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alikuja kusimama ukutani. "Yakhe, hawa kunguru ni mabalozi? Maana kila siku unawapigia mizinga!" Kijiji kizima kikacheka. Skuli watoto wakaniuliza leo imepigwa mizinga mingapi. Nilipigana na wawili, mmoja nikamshinda.

Sasa zikaanza sababu. Kwanza ilikuwa upepo. Kisha ilikuwa kunguru, kwamba ndege huyu anaijua bunduki kwa harufu. Kisha Bwana Haji, ambaye alipochoka kucheka alipenda kusaidia, akasema ni husuda ya harusi, akaja na chetezo, bunduki ikafukizwa ubani na udi mpaka ikanukia kama bibi harusi mwenyewe. Ikakosa vilevile. Baba akageukia vifundo viwili vya kuzungusha vilivyo kwenye darubini, kimoja cha kupandisha na kushusha, kimoja cha kupeleka kulia na kushoto. Leo anazungusha huku, kesho anazungusha kule, na kila akizungusha mambo yanaharibika zaidi. Mama alimtazama siku moja akasema, "Baba Rukia, hiyo si redio." Baba alinuna mpaka magharibi.

Ndipo akakubali kuacha kunguru kwanza na kupiga boksi. Alilisimamisha boksi tupu la tambi mbele ya shimo la mawe nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapiti mtu, akachora duara katikati kwa mkaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenda kuchukua boksi akishaweka bunduki chini. Na hapo, wallahi, ndipo nilipoona jambo. Matundu hayakutawanyika ovyo. Yalikuwa yamepanda, moja juu ya jingine, kama ngazi, kila risasi juu kidogo ya ile iliyotangulia. Nikamwambia Baba. Akasema mkono wake umechoka. Nikamwambia mkono uliochoka hautengenezi ngazi. Akaniambia nimekuwa na ulimi mrefu, niende nikafagie.

Nilikwenda kwa Mama badala ya ufagio. Mama alilishika boksi, akalipeleka kwenye mwanga, akalitazama kama anavyotazama khanga dukani kabla ya kuikataa. Kisha akasema, "Hapa kuna kitu kinatembea. Hebu niletee wanja wa dada yako." Lazima niwaeleze kwamba Mama alikuwa na mtego wake wa kulinda sukari. Alikuwa akifunga kopo, halafu anachora mstari mwembamba wa wanja kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye kopo. Mwizi akifungua na kufunga, mistari miwili haikutani tena, na Mama anajua bila kuuliza mtu. Basi alifanya vilevile kwenye bunduki. Alichora mstari kwenye kila pete ya darubini ukashuka mpaka kwenye chuma cha bunduki, akamwambia Baba apige. Dada Rukia alipoona wanja wake wa harusi umepakwa kwenye bunduki alilia machozi ya kweli, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumbembeleza.

Baba akapiga mara chache. Tukainama sote. Mistari haikukutana. Darubini ilikuwa imerudi nyuma, unene wa ukucha tu. Kumbe bunduki ile ikipigwa inaruka mbele na nyuma, na kila ikiruka darubini inateleza, na risasi inapanda. Baba alikaza skrubu kwa nguvu zake zote, akapiga, mistari ikazidi kuachana. Akasema skrubu zimekufa. Mama akapitisha kidole chini ya pete, akakinusa, akamwelekezea mumewe kidole kile.

Mafuta ya nazi. Baba yangu, Mungu ampe umri, alikuwa mtu wa mafuta ya nazi. Aliyapaka kichwani, kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye bawaba za mlango, na tangu bunduki ije alikuwa akiisugua kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, juu, chini na ndani ya pete, ili chumvi ya bahari isiile. Nani angeishika darubini iliyokaa juu ya utelezi ule? Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alijitetea kidogo, akasema mafuta ya nazi hayajamdhuru mtu tangu enzi za mababu. "Mtu hayajamdhuru," Mama alisema, "yamenimalizia vifaranga."

Lakini sifa yake nimpe: Baba akishakubali, hakuna fundi kama yeye. Aliifungua darubini, akafuta pete na chuma kwa kitambaa chenye petroli, akaanika mpaka pakakauka kabisa. Alitundika uzi kwenye kamba ya nguo, mwisho wake akafunga kufuli, ukanyooka kama timazi ya mwashi. Akaiweka bunduki sawa juu ya gunia, akachungulia, akaizungusha darubini polepole mpaka ule mstari wa kusimama ukalala juu ya uzi bila kupinda. Ndipo akakaza skrubu, kidogo hii, kidogo ya upande wa pili, anarudi ile ya kwanza, kama mtu anayekaza nati za gurudumu. Vifundo akavirudisha katikati. Akapiga, akazungusha kidogo, akapiga. Matundu yakakaa pamoja, yakasogea pamoja, mpaka yakaingia ndani ya duara la mkaa na kubaki humo. Mistari mipya ya wanja aliyochora Mama ilikuwa haijaachana. Nilirukaruka mpaka nikakanyaga mwiba, na sikuusikia.

Kunguru wakaja Ijumaa, saa ya sala, wanaume wote wako msikitini. Mkubwa wao alitua juu ya ukuta wa mawe, upande wa lile shimo, na vifaranga wako chini yake wanachakura. Nikasema, "Mama, tumwite Baba?" Mama alilichukua gunia la makumbi ya nazi, akaliweka kwenye kizingiti cha jiko, akajifunga khanga kiunoni, akalala kifudifudi. Bunduki aliishika kwa ulaini, kama mtoto aliyelala. Nikamsikia anasema, "Bismillahi," na mara nikasikia tap! Kunguru akaanguka upande wa pili kama kifuu.

Aliye juu mngoje chini! Mama alipiga vigelegele vyake mwenyewe, mimi nikadakia, dada Rukia akatoka chumbani akadakia naye, na wanaume walipotoka msikitini walikuta wanawake wamejaa uani na kunguru ametundikwa kwenye mti kichwa chini. Baba alimtazama kunguru, akamtazama mkewe, akacheka mpaka akakaa chini. Bwana Haji alisimama wima, akampigia Mama saluti kama ya balozi. Kunguru wenziwe walizunguka juu siku mbili wakipiga kelele za msiba, kisha wakahama. Hawakurudi tena uani kwetu msimu ule.

Mfunguo Sita ukafika na kuku wakafika nao, jogoo wa manyoya ya kung'aa na matetea walionona. Siku saba sinia zilitoka jikoni zimefunikwa kawa, kuku wa kupaka, kuku wa mchuzi, wa kukaanga, na shemeji alitoka fungate mashavu yamejaa. Siku ya mwisho mama yake akaja kutoka mjini, akala, akafuta mikono, akasema taratibu, "Kumbe shamba kuku wapo." Mama yangu akamwangalia machoni. "Wapo, bibi. Na wa kuwalinda yupo." Nadhani sijapata kuona mtu mrefu kuliko Mama alivyokuwa dakika ile, na alikuwa amekaa kwenye mkeka.

Siku hizi naishi mjini, na harusi yangu ilifanyika ukumbini. Chakula kilikuja na gari, na fungate yetu haikufika hata nusu ya ile ya dada, kwa sababu mume wangu alitakiwa kazini. Tulikula vizuri, sisemi uongo, ila kuku aliletwa na kijana wa bodaboda ndani ya mfuko, keshakatwa, humjui alikozaliwa wala aliyemtetea. Juzi nilimwambia Mama kwamba namwonea wivu dada Rukia, maana yeye alipiganiwa kwa bunduki na mimi je? Mama, ambaye meno yamepungua lakini ulimi uko palepale, alinitazama kwa huruma.

"Wewe mume wako mla chipsi," akasema. "Ulitaka nimpige kunguru gani, wa viazi?"