Kabla Hujamuuza Nyati

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipompeleka Nyati, gari letu hili, Mbale kumuuza. Ndiyo, Nyati huyuhuyu uliyempiga picha jana ukamtangaza kwenye simu.

Nilikuwa kijana, fundi wa hapa Jinja, kichwa kigumu. Gari lilikuwa la kale tangu siku hizo. Nikalitia injini ya lori, magurudumu mapana na winchi mbele, ya kujivuta matopeni. La pili lake hakuna. Kizuri chajiuza, nikajisemea. Mnunuzi, Mama Nambozo, mfanyabiashara wa kahawa, akataka kulijaribu mwenyewe kwenye mlima wa kwao Wanale. Nikakaa kando yake. Nyuma akapanda mama yake mzazi, kikongwe, amekumbatia ndizi zake.

Kupanda tulipanda vizuri. Kushuka sasa! Kwenye kona ya kwanza akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini.

"Bwana, haishiki!"

Mwanangu, usiombe. Upande wangu niliona mabati ya nyumba za watu, chini kabisa. Bibi akaanza kumwita Mungu. Mimi ulimi umekauka, na dawa naijua! Breki za Nyati zilitaka kukanyagwa mara mbili, upesi. Nilizikanyaga hivyo kila siku mpaka nikasahau kwamba ule ni ugonjwa. Hata pale mguu wangu ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu, mara mbili, mara mbili, mdomo umefungwa.

"Tena! Kanyaga tena!" nikapiga kelele mwishowe.

Akakanyaga. Nyati akasimama, gurudumu moja limo kwenye majani ya ukingoni.

Mama Nambozo akamshusha mamake kwanza. Kisha akanirudishia ufunguo, vidole vyake baridi. "Gari hii inajua wewe peke yako," akasema. "Ungeua mama yangu, halafu ungekuja kulia matangani kama mtu hana kosa."

Alisema kweli. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Breki nilizibadilisha wiki ileile, lakini kumuuza tena niliogopa. Sasa miaka yote hii umemwendesha wewe, Masese mpaka Budondo, na mimi sijui mguu wako umezoea nini ambacho mdomo wako haukijui. Mazoea yana taabu. Tena umesema mnunuzi wa kesho anakuja na watoto wake.

Basi nisikilize. Kabla ufunguo haujatoka mkononi mwako, mpe mtu mgeni amwendeshe hapa uwanjani, pasipo na mteremko, nawe ukae kando umtazame. Kila anaposhtuka, pana neno hujalisema. Liseme, hata kama mnunuzi ataondoka. Aende zake mzima.

Mungu aujalie ulimi wako uutangulie mguu wako, na watoto wa watu wafike kwao. Amina.