Mchanga Tulioandika Kuwa Mtupu

Niliinua mkono. Ningeweza kuuacha juu ya goti, na leo natamani ningaliuacha pale.

Wakati huo nilikuwa diwani hapa Nchelenge. Mjenzi mmoja alitaka kujenga gorofa za kifahari katikati ya mji, upande wa ziwa, na sisi katika kaunsili tulikuwa tunapiga kura tumpe nini ili asiende kujenga kwingine. Tulimpa ardhi bure, tukamsamehe kodi ya kiwanja kwa miaka kumi, tukaahidi kumfikishia bomba la maji. Nyumba nyingi za mji zilikuwa bado zinachota ziwani.

Hati ilisema ardhi ile ni "kiwanja kitupu". Tulikuwa tumeikagua mwezi wa Januari, ziwa likiwa limefungwa ili samaki wazaane. Mchanga ulikuwa safi kweli. Lakini mimi ni mzaliwa wa hapa. Nilijua kwamba ziwa likifunguliwa mwezi wa Machi, wanawake huufunika mchanga ule wote kwa chisense, dagaa wetu, wakiwaanika juani. Mke wangu alikuwa na sehemu yake pale tangu nilipomuoa kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka mji wetu uwe na kitu cha kuonyesha wageni, na isemwe kwamba nami nilikuwepo.

Machi ilipofika, mke wangu alirudi nyumbani na beseni la dagaa wabichi kichwani.

"Baba, kule bameweka mabati. Mulinzi anasema kiwanja haikukuwa na mutu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani aliandika?"

Akatua beseni.

"Basi miye si mutu? Miaka hii yote ulikuwa unakula samaki ya nani?"

Alijaribu kuanika uani kwetu. Kuku walikula, mvua ikaozesha waliobaki. Mwezi wa Mei alihamia Chienge kwa dada yake, ambako bado kuna mchanga wa kuanikia.

Gorofa zilisimama. Zina roshani zinazotazama ziwa, na madirisha mengi sijapata kuyaona yakifunguliwa. Mwaka huu mjenzi aliomba kipande cha ufukwe kilichobaki, na msamaha wa kodi uongezwe. Ukaitwa mkutano wa wakaaji. Mimi si diwani tena, lakini nilisimama.

"Ile ardhi ya kwanza haikuwa tupu," nilisema. "Nilijua, nikainua mkono."

Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti kutoka nyuma. "Shikulu, muzee wetu, mukono gani? Onyesha tuuone!"

Watu wakaangua kicheko. Niliuinua, huu wa kulia, nikauacha juu mpaka wakanyamaza. Kisha nikaomba iandikwe kwamba kipande kilichobaki kina wenyewe, nikaeleza kila sehemu inaanikiwa na mama gani. Ombi la mjenzi halikupita. Akileta jingine, atanikuta palepale.

Nilimpigia mke wangu simu, nikamwambia nafasi ipo, arudi.

"Umefanya vizuri, baba," alisema. "Pea bale bamama bengine. Miye niko na nafasi yangu huku."

Kura ile ilinigharimu mke wangu. Yu hai, ana afya, yuko Chienge, na hatarudi.