Kitambaa Juu ya Diski

Asubuhi ile niliwakuta wenzangu wamesimama mlangoni mwa chumba kidogo cha nyuma, wakizungumza kwa sauti za chini. Seva ilikuwa imegoma. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, kama kawaida ya mji wetu, na uliporudi, kompyuta iliyohifadhi mafaili ya ofisi nzima iliwaka lakini haikumfungulia mtu yeyote kitu chochote.

Ofisi yetu iko katika mtaa wa Buyenzi, katikati ya gereji mbili, na kazi yake ni kukusanya sauti za watu. Tuliianzisha tukiwa vijana wachache wenye diploma na imani kubwa: kwamba mchukuzi wa mizigo bandarini anastahili kukumbukwa na nchi sawa na waziri. Imani hiyo sijaiacha.

Kwenye benchi la ukumbini aliketi mjane wa mchukuzi kama huyo. Mumewe alikuja kwetu alasiri nyingi, kabla kifua hakijamshinda, akasimulia maisha yake mbele yangu na kinasa sauti: boti za Kigoma, magunia, namna alivyoikimbia Uvira. Jumamosi, mwaka tangu mazishi, familia ingeondoa matanga, na ndugu wangevuka mpaka kutoka huko kuja kumsikia. Zaidi ya yote, mama huyo alitaka mumewe asikilizwe na binti yao wa mwisho, ambaye alikuwa ameanza kuisahau sauti ya baba yake. Nyumbani hawakuwa na sauti yake mahali pengine popote.

"Mutoto yangu, iko tayari?" aliniuliza nilipopita.

"Bado, mama. Mashine imekataa kuamka."

"Iamushe pole pole. Mzee yangu naye asubui alikuwa mukali."

Katibu wetu akaangua kicheko. "We enjeniyeri, diplome yote ile, na kazi ni kuitazama tu? Ipige kofi!"

"Apana kuipiga!" mama akamkemea, huku naye akicheka. "Bwana yangu iko ndani."

Niliketi mbele ya skrini. Seva ya mafaili ni mtumishi mtiifu: huelezwa ni folda zipi iwafungulie watu wa ofisi, nayo huzifungua. Yetu ilikuwa imepangwa hivi kwamba ikikosa hata folda moja, haifungui hata moja. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: folda ya sauti haionekani. Folda hiyo haikuwa ndani ya kompyuta yenyewe. Ilikuwa kwenye diski ya pembeni, juu ya kabati, chini ya kitambaa.

Kitambaa hicho sote tulikijua. Mama alikifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, kama vile vinavyofunika redio na televisheni majumbani mwetu, akatuletea wiki chache baada ya mazishi. "Mzee asiingiwe vumbi," alisema, akakikunja mara mbili na kukitandika juu ya diski kwa mikono yake. Katibu alisema mashine imekuwa bibi harusi. Tulipiga picha. Tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa, nani angethubutu?

Nilikiinua. Joto lilinipiga usoni. Chini yake diski ilikuwa ikigonga kutoka ndani, ikinyamaza, ikigonga tena. Niliichomoa, nikaiacha ipoe, nikajaribu waya mwingine, kisha kompyuta nyingine. Nilimpelekea fundi wa jirani anayefufua kompyuta za mtaa mzima. Aliitegea sikio, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hii imekwisha," alisema. Nakala ya pili ya sauti zile tulikuwa tukiahidiana katika kila mkutano, na haikuwepo.

Wenzangu walikuwa bado wanasubiri barua na ripoti zao. Ili seva iamke, ilinibidi tu kufuta mstari mmoja: ule ulioitaja folda ya sauti. Chuoni ningepewa alama zote kwa jibu hilo, na lilikuwa sahihi. Niliutazama mstari ule kwa muda, nikaufuta. Seva ikaamka papo hapo.

"Imerudi! Enjeniyeri, oyee!" Chumba cha pili kilijaa makofi.

Mama aliyasikia makofi. Aliingia akitabasamu, simu tayari mkononi. "Merci, mutoto yangu, Mungu akubariki. Muweke apa."

Ningeweza kuutaja umeme. Katika mji huu hakuna ambaye angenibishia.

"Mama, seva imeamka," nikasema. "Lakini sauti ya mzee haipo. Diski yake imekufa."

"Imekufa na nini?"

Kitambaa kilikuwa juu ya kiti. Aliuliza huku akikiokota akikunje, kwa mazoea ya mtu asiyeacha kitu ovyo, na mikono yake ikasimama. Katikati ya weupe kulikuwa na mraba wa rangi ya chai, sawasawa na ukubwa wa diski.

"Ilikosa hewa, mama. Ni joto."

"Chini ya iki?"

"Ndiyo, mama."

Siku zote nimeamini kwamba kumwambia mtu ukweli ni kumheshimu. Bado naamini. Lakini sikuwa nimewahi kuona heshima ikimkalisha mtu sakafuni namna ile. Katibu alikuja akamshika mabega. Katika chumba cha pili makofi yalikuwa yamekwisha, na watu walikuwa wakichapa kazi zao.

Alipoinuka alisema jambo moja tu. "We ulimusikia. Utakuja kusema weye."

Nilikwenda. Jumamosi ile nilisimama mbele ya ndugu waliotoka Uvira, nikasimulia boti, magunia na usiku wa kukimbia, kwa Kiswahili changu cha shule, kwa mpangilio mzuri, bila kusahau jambo. Walinishukuru. Binti yule alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamgeukia mama yake.

"Papa alikuwa anasema ivyo?"

"Apana," mama akamjibu.